Kompyuta ya Mwalimu Iliyorudi Bila Sauti: Uchambuzi wa Kisa cha Draiva, Mikindani

Kompyuta ya mezani ikikosa sauti, watu wengi huvumilia. Barua itaandikwa, picha zitaonekana, muziki utasikilizwa kwenye simu mpaka fundi apatikane. Mwenye kompyuta ninayoieleza hapa hana nafasi hiyo. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Mikindani, na presha ya macho ilimwondolea uwezo wa kuona. Kompyuta anaitumia kwa masikio. Programu iitwayo NVDA inamsomea kila herufi anayobonyeza, kila faili analolipita, kila sentensi ya barua anazowaandikia majirani na ya mihtasari ya vikao vya chama cha msingi cha wakulima wa korosho. NVDA ni ya bure. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona, na ndani yake imo sauti ya eSpeak NG inayoweza kusoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya mashine.

"Wewe ukikosa sauti umekosa muziki," aliniambia. "Mimi nikikosa sauti nimekosa kompyuta."

Ameniruhusu nikieleze kisa chake bila kutaja jina, kwa sharti kwamba nieleze taratibu, hata mtoto wa kidato cha pili aelewe. Nakieleza kwa sababu kosa la aina hii nakutana nalo mara kwa mara Mtwara na Lindi, na karibu kila mara linatibiwa kwa dawa ileile: kumwaga draiva, yaani kuweka kwa wingi zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuongea na vifaa vya kompyuta. Kwa Mwalimu, dawa hiyo ndiyo iliyozidisha ugonjwa.

Taarifa niliyopewa

Kompyuta ilikuwa nzito kuwaka, ikapelekwa mjini Mtwara kupigwa Windows upya na kupulizwa vumbi. Ikarudi inawaka haraka lakini kimya. Aliyeishughulikia ni mpwa wake, mtoto wa dada yake anayekaa naye pale nyumbani. Kwa Wamakonde mjomba na mpwa wana mambo mengi ya pamoja, na kijana huyu ndiye anayemsimamia mzee karibu kila kitu, kuanzia benki hadi dawa. Alihangaika nayo kwanza, kisha akanipigia.

"Fundi, mashine ya mjomba haitoi sauti. Nimeweka draiva zote, bado."

"Zote zipi?"

"Zote kabisa. Kuna jamaa alinipa flashi yenye pakiti ya draiva za kila kompyuta. Nikaiacha ijichagulie yenyewe."

Hapo ndipo nilipotega sikio. Pakiti za namna hii hukusanya draiva za watengenezaji wengi, za miaka mingi, zikapangwa ndani ya programu moja inayochagua kwa niaba yako. Mara nyingine huchagua vizuri. Mara nyingine huweka draiva iliyotengenezewa kompyuta nyingine yenye chipu inayofanana, na nyingi huja na abiria ambao hukuwaita: kivinjari kipya, programu ya kusafisha, antivirusi ya majaribio. Kwenye mashine ya Mwalimu wote hao watatu walikuwepo. Kijana simlaumu. Alitaka kumsaidia mjomba wake, bando lilikuwa limebaki kidogo, na flashi ilikuwa mkononi.

Nilichokikuta

Mashine yenyewe ni ya mtumba, prosesa ya Intel Core ya kizazi cha pili, kile kilichoingia sokoni mwaka 2011. RAM ni GB 8, Windows 10 ya biti 64. Nyuma ina tundu la VGA na la HDMI, yote ya kuunganishia monita, na matundu matatu ya sauti kwa rangi zilizozoeleka: kijani kwa spika, waridi kwa maiki, bluu kwa kuingizia sauti kutoka kifaa kingine. Mbele kuna matundu mawili ya hedifoni na maiki. Spika ni sabufa ya kawaida ya sebuleni, imeunganishwa kwa waya wa AUX kwenye tundu la kijani.

Kipimo cha kwanza hakikuhusu kompyuta. Nilichomoa waya wa sabufa nyuma ya CPU nikauchomeka kwenye simu yangu. Sabufa ikatoa sauti mpaka kuku wa uani wakakimbia. Basi spika nzima, waya mzima. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu Mikindani iko kwenye ghuba, hewa ina chumvi, na pini za waya zinashika kutu kabla hujazizoea. Nimewahi kuwakuta watu wanatafuta draiva ilhali waya umeoza ndani ya plastiki.

Kisha nikatazama alama ya spika pale chini kulia. Haikuwa na msalaba mwekundu. Sauti ilikuwa imepandishwa hadi 100.

"Si unaona, fundi?" kijana akasema. "Kila kitu kinaonekana sawa. Ndiyo maana nikajua ni draiva."

Hapo kuna jambo la kutulia nalo. Windows isipoona kifaa chochote cha kutolea sauti, huweka msalaba mwekundu kwenye alama ile na kukuambia hakuna kifaa. Alama ikiwa safi, maana yake kipo kifaa inachokiona na inadhani kinafanya kazi. Swali linalofuata ni kifaa kipi. Niliweka swali hilo akilini, nikaendelea, kwa sababu kulikuwa na jambo la haraka zaidi.

Kumrudishia Mwalimu sauti kwanza

Mafundi wengi wangeanza kutengeneza huku mwenye mashine amekaa pembeni akingoja. Sikutaka hivyo. Mwalimu anaijua kompyuta yake kuliko mimi, na mtu asiyeona akikaa karibu na mashine bubu anakuwa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwenye mkoba natembea na kadi ndogo ya sauti ya USB, kile kidude cha ukubwa wa flashi chenye tundu la hedifoni na la maiki. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu na kompyuta.

Faida yake ni kwamba vifaa vya sauti vya USB vya kawaida vinafuata kanuni moja ya pamoja, na Windows ina draiva ya kanuni hiyo ndani yake. Hakihitaji flashi, hakihitaji intaneti, wala hakijali kilichoharibika kwenye kadi ya sauti ya mazabodi, ile bodi kuu ndani ya kompyuta, kwa kuwa hakipiti huko. Nilikichomeka, nikasubiri mlio wa kifaa kutambuliwa, nikamvalisha Mwalimu hedifoni na kumwomba abonyeze Ctrl, Alt na N kuwasha NVDA upya.

Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka kwa sauti kubwa. "Imesema habari yake."

Kuanzia hapo kibodi ikawa yake. Mimi nilikuwa natazama monita, yeye anasikiliza, na tukakagua mashine pamoja. Alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, na orodha ya vifaa vyote ikafunguka. Akashuka kwa mshale mpaka sehemu ya sauti, akapita jina moja baada ya jingine. Kwenye jina la Realtek, watengenezaji wa chipu za sauti, akasimama, akabonyeza Enter, na akanisomea kabla sijamwuliza: "Inasema kifaa hiki hakiwezi kuanza. Namba kumi."

Kusoma namba ya kifaa

Kosa namba 10 kwenye orodha ile lina maana kwamba kifaa kipo, draiva imewekwa, lakini draiva inashindwa kukiwasha. Ni tofauti na kosa namba 28, ambalo maana yake hakuna draiva iliyowekwa. Tofauti hii ni kubwa sana kwa fundi. Namba 28 inakuambia tafuta draiva. Namba 10, hasa mara tu baada ya mtu kumwaga draiva, inakuambia tazama kilichowekwa, huenda ndicho kinachozuia.

Kabla ya kufuta chochote tulisoma utambulisho wa vifaa. Kila kifaa ndani ya kompyuta kina namba zake, na kwenye dirisha la kifaa, sehemu ya maelezo ya kina, unaweza kuchagua namba za maunzi na kuzisoma. Tulipata tatu, nami nikaziandika daftarini:

PCI\VEN_8086&DEV_1C20
HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0662
HDAUDIO\FUNC_01&VEN_8086&DEV_2805

Zinatisha kwa macho, lakini zinasomeka. VEN ni mtengenezaji, DEV ni aina ya kifaa. 8086 ni Intel, waliojichukulia namba hiyo kutoka kwenye prosesa yao ya mwaka 1978. 10EC ni Realtek. Mstari wa kwanza ni kidhibiti cha sauti kilichomo ndani ya chipu kuu ya mazabodi. Mstari wa pili ni kodeki, chipu ndogo inayogeuza namba kuwa umeme unaofika kwenye tundu la kijani, na 0662 ni ile iitwayo ALC662. Mstari wa tatu ni kodeki nyingine, ya Intel yenyewe, inayopeleka sauti kwenye waya wa HDMI.

Kwa wenzetu wa bandarini: kidhibiti ni gati, na kodeki mbili ni meli mbili zilizofunga pale. Gati lilikuwa zima, halina alama yoyote ya njano ya onyo. Meli ya Intel ilikuwa nzima. Ya Realtek ndiyo iliyogoma. Kama tatizo lingekuwa kwenye kidhibiti, zote mbili zingepotea na alama ya spika ingekuwa na msalaba. Kwa hiyo hata kabla ya kugusa kitu, eneo la kutafuta lilikuwa limebaki dogo.

Namba hizi ndizo zinazotafutiwa draiva. Jina lililobandikwa mbele ya CPU halitoshi, kwa sababu mtengenezaji mmoja hutoa mashine za jina moja zenye chipu tofauti. Ukitaka kwenda mbali zaidi, mbele ya DEV kuna sehemu iitwayo SUBSYS (haimo kwenye mistari niliyoiandika hapo juu), na kwa vifaa vya HDAUDIO herufi na tarakimu nne zake za mwanzo zinamtaja aliyeunda kompyuta au mazabodi. Hapo unajua uende kwenye tovuti ya nani.

Kuondoa kilichomwagwa

Hatua hii ndiyo iliyotuchukulia muda. Kwenye orodha ya vifaa ukichagua kuondoa kifaa, Windows inakuletea kisanduku kidogo cha kuweka alama: kufuta pia programu ya draiva ya kifaa hiki. Wengi hawakiweki alama. Wanaondoa, wanawasha upya, na draiva ileile inarudi, kwa sababu Windows inatunza nakala kwenye ghala lake la draiva na haioni sababu ya kutoitumia.

Tulizima kwanza hotspoti ya simu ili Windows isije ikajiletea kitu kutoka mtandaoni katikati ya kazi. Tukaondoa, tukaweka alama, tukaiambia itafute vifaa upya. Ikarudi draiva ya Realtek, safari hii ya toleo jingine, na kosa namba 10 lilelile. Tukaondoa tena. Ikarudi nyingine. Pakiti ile ilikuwa imejaza ghala, na kila moja ikiondoka, inayofuata kwenye foleni inachukua nafasi.

Badala ya kuziondoa moja moja kwa mtindo huo, tulifungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi na kuandika:

pnputil /enum-drivers

Amri hii inaorodhesha draiva zote zilizoongezwa kwenye Windows na watu wengine, kila moja ikiwa na jina kama oem12.inf, aliyeitoa, aina yake na tarehe yake. Mwalimu aliisikiliza orodha ndefu kwa subira ya mtu aliyesahihisha madaftari miaka mingi, akinitajia kila aliposikia Realtek kwenye upande wa sauti. Upande wa sauti nautaja kwa makusudi: Realtek hutengeneza pia kadi za mtandao, na anayefuta kila chenye jina hilo anaweza kujikuta amepoteza intaneti. Zile za sauti tulizifuta kwa amri hii, tukibadilisha namba kila mara:

pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall

Baada ya hapo tukatafuta vifaa upya. Safari hii jina la Realtek halikurudi. Kikaja kifaa kinachoitwa High Definition Audio Device, bila alama ya njano. Hiyo ni draiva ya Microsoft yenyewe, iliyomo ndani ya Windows tangu enzi za Windows Vista, inayoweza kuzungumza na karibu kila kodeki inayofuata kanuni ya Intel ya HD Audio.

Na bado kimya

Tukachomoa kadi ya USB ili sauti irudi kwenye sabufa. NVDA ikanyamaza. Mpwa akashika kichwa.

Mtu akifika hapa ndipo anaporudi kwenye flashi, kwa sababu anaona alichofanya hakikusaidia. Lakini hali haikuwa ileile. Mwanzoni kodeki ilikuwa haiwaki, sasa inawaka. Kosa moja limeondoka, na kimya kilichobaki kinatafutiwa sababu yake nyingine. Hapo nikarudi kwenye swali nililoliweka akilini: alama ya spika isiyo na msalaba ilikuwa inaona kifaa kipi?

Nilibonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika mmsys.cpl, Enter. Dirisha la sauti likafunguka, na orodha ya vya kutolea sauti ikawa na vitu viwili. Cha kwanza ni spika za High Definition Audio. Cha pili kina jina la monita, na ndicho chenye alama ya kijani ya kifaa kikuu. Pembeni ya kila kifaa kuna mstari mwembamba unaopanda na kushuka kufuatana na sauti inayopita. Nikamwomba Mwalimu aguse mishale ya kibodi ovyo tu.

Mstari wa monita ukaanza kuruka. Kijani juu, kijani chini, kwa mapigo ya maneno. NVDA ilikuwa inasoma muda wote huo, kila herufi, kwa bidii. Ilikuwa inasoma kwenye monita isiyo na spika.

Monita ya Mwalimu ina tundu dogo la hedifoni kwa nyuma, kwa hiyo inapounganishwa kwa HDMI huiambia kompyuta kwamba inapokea sauti. Kompyuta inaamini. Nikamwuliza kijana kama monita ilikuwa ikitumia waya huu tangu zamani. Akafikiri, akasema hapana, waya wa VGA haukurudi na mashine kutoka mjini, naye akanunua wa HDMI kwa kuwa ndio uliopatikana dukani. VGA haibebi sauti hata kidogo. Kwa miaka yote Windows ya Mwalimu ilikuwa na njia moja tu ya kutolea sauti na haikuwa na cha kuchagua. Waya ulipobadilika, zikawa mbili, na Windows mpya ikachagua isiyofaa.

Tukachagua spika kuwa kifaa kikuu, na ile njia ya monita tukaizima kabisa, maana hakuna siku Mwalimu ataihitaji. Sabufa ikaanza kusoma katikati ya neno.

Draiva haikuwa imekosekana

Nilikuwa nimeshadhani hivyo, lakini nilitaka ushahidi. Nikamwuliza mpwa kama aliwahi kupiga picha ya skrini siku kompyuta iliporudi, kabla ya flashi. Akatafuta kwenye WhatsApp, kwenye mazungumzo na yule jamaa wa pakiti. Ilikuwepo. Picha imepigwa kwa mshazari, mwanga wa dirisha umeingia, lakini maandishi yanasomeka: High Definition Audio Device, safi, bila alama ya njano.

Kwa hiyo mpangilio wa matukio ni huu. Mashine ilirudi kutoka mjini ikiwa na draiva nzuri ya sauti iliyowekwa na Windows yenyewe. Kosa la asili lilikuwa dogo, la kuchagua njia, na lingeondoka kwa mibonyezo michache. Pakiti ikaja kutibu ugonjwa ambao haukuwepo, ikaigomesha kodeki, na sasa kukawa na makosa mawili, moja limelala juu ya jingine. Kila jaribio la kurekebisha lilipima mawili kwa pamoja, ndiyo maana hakuna lililoonekana kufaa. Hata kama kijana angechagua spika kuwa kifaa kikuu baada ya flashi, isingesaidia, kwa sababu kodeki ilikuwa haiwaki.

Kwa nini basi kila mtu anakimbilia draiva? Nafikiri ni mazoea yaliyokuwa sahihi zamani. Windows XP ilitoka mwaka 2001, kanuni ya HD Audio ikaja mwaka 2004. XP haikuzaliwa nayo, kwa hiyo ukipiga XP kwenye mashine ya wakati ule, ilikuwa bubu mpaka uweke kiraka cha Microsoft na draiva ya Realtek juu yake. Mafundi waliojifunza kazi kwenye XP, na wanafunzi wao, na wanafunzi wa wanafunzi wao, wamebeba kanuni hiyo: Windows ikipigwa, weka draiva ya sauti. Vista ilipokuja na draiva yake ya ndani, sababu ya kanuni hiyo ikaondoka kwa mashine nyingi za nyumbani, lakini kanuni ikabaki.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sikuweka draiva halisi ya Realtek baada ya kusafisha. Nilifikiria. Draiva ya mtengenezaji inaongeza vitu: kubadili kazi ya matundu, vionjo vya sauti, spika nyingi za kuzunguka chumba. Kwa Mwalimu hakuna hata kimoja anachokihitaji, na baadhi ya vionjo vinachelewesha au kukata mwanzo wa neno, jambo ambalo kwa mtu anayesikiliza herufi moja moja linachosha. Na ni mamia ya MB za bando. Draiva ya Microsoft inatosha, haina dirisha la ziada linalojitokeza, na haibadiliki ovyo. Ningeweka ya mtengenezaji kama maiki ingekataa, au kama ingekuwa laptopu yenye spika za ndani zinazohitaji maelekezo maalumu. Na hapo ningeitafuta kwa namba zile, kwenye tovuti ya aliyeunda mazabodi.

Tundu la mbele lilikuwa jambo jingine, nalo lilikwisha upesi. Hedifoni zilikuwa hazisikiki mbele hata baada ya yote haya. Tulipofungua CPU, waya wa sauti wa paneli ya mbele ulikuwa unaning'inia, umeachwa wakati wa kupuliza vumbi. Anayeurudisha aangalie pini: plagi ya sauti ya mbele imezibwa tundu la 8, na ile ya USB limezibwa la 9, kwa hiyo kila moja inaingia mahali pake tu. Ikigoma, usilazimishe.

Mashine tuliyoiacha

Kadi ya USB niliiacha kwa Mwalimu. Sasa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na anajua kwamba sauti ikipotea anaichomeka kwanza, anasikia, ndipo anatafuta tatizo yeye mwenyewe. Anajua pia kubonyeza Windows, Ctrl na Enter kuwasha msomaji wa skrini aliyemo ndani ya Windows: huyo akisema na NVDA ikanyamaza, tatizo liko kwenye NVDA, na wote wawili wakinyamaza, liko kwenye njia ya sauti. Kwenye mipangilio ya NVDA, upande wa sauti, tuliiacha ifuate kifaa kikuu cha Windows, kwa sababu ukiifunga kwenye sabufa peke yake, siku kadi ya USB inapohitajika inaweza isizungumze.

Abiria watatu wa pakiti tuliwashusha. Kisha tukaunda alama ya kurejesha mfumo, na tukanakili draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine kwenda kwenye flashi safi:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Folda ya draiva iundwe kwanza kwenye flashi, na E ibadilishwe kufuatana na herufi ya flashi yako. Kwa anayeishi kwa bando, amri hii moja kabla ya kupiga Windows inaokoa mengi: kadi ya mtandao, ya picha, printa, vyote vinarudi bila kupakua chochote, na vinarudi vilevile vilivyokuwa vikifanya kazi kwenye mashine hiyo hiyo.

Nimemweleza Mwalimu kwamba Microsoft walikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha pili haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa hiyo ipo siku mashine hii itafunguliwa tena na mtu, ama kuwekewa mfumo mwingine ama kubadilishwa kabisa. Kwa ajili ya mtu huyo, kwenye flashi kuna faili moja la maandishi. Lina namba tatu za vifaa, jina la kifaa kinachotakiwa kuwa kikuu, na maelekezo mawili aliyoyachapa Mwalimu kwa mkono wake: waya wa monita ukibadilishwa angalia mmsys.cpl kwanza, na usirudishe kompyuta hii kabla hujaisikia inasoma.